Jedwali lenu la uzito limesahau kiuno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili niseme neno juu ya jedwali la uzito na urefu mlilolichapa katika ukurasa wenu wa afya, lile lililomwambia msomaji kwamba akigawanya kilo zake kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu likaangukia kati ya 18.5 na 25, basi moyo wake hauna sababu ya kumtia wasiwasi. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa liko katika ile sentensi ya mwisho, na kwa kuwa nimetumikia miaka 31 nikiwa afisa tabibu katika vituo vya afya vya mashariki mwa Uganda, nikiwapandisha watu kwenye mizani na kuwaambia maneno ya namna hiyohiyo, naona ninayo haki, na pengine hata deni, ya kulisahihisha.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miezi michache baada ya kustaafu nilikwenda kupimwa afya katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Mbele yangu katika foleni alikuwako kijana mmoja anayepakua magunia kwenye malori kule mpakani Malaba, mtu wa miraba minne, mwenye mabega yaliyokaribia kuujaza mlango. Alipimwa akawa na kilo 89 kwa urefu wa sentimita 175, na BMI yake, kama mnavyoliita katika jedwali lenu lile jibu la kugawanya kilo kwa urefu, ikatoka 29. Akaambiwa kwamba amebakiza hatua moja tu aingie katika unene wa kupindukia, hivyo apunguze posho, yaani ugali, na aache kabisa roleksi za barabarani, zile chapati zilizoviringishiwa mayai. Nikafuata mimi: kilo 71, sentimita 172, BMI 24. Muuguzi akatabasamu, akaniambia, "Mzee, wewe uko sawa kabisa, endelea hivyohivyo."

Nilitoka nimefurahi. Ila nilipokuwa nikiuweka sawa mkanda wa suruali, ambao siku hizi hukaa chini ya tumbo badala ya kulizunguka, nikakumbuka kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi hata mara moja kujipima kiuno. Jioni ile nikamwazima jirani yangu fundi cherehani futikamba yake. Kiuno changu kilikuwa sentimita 101. Suruali niliyovaa imeandikwa inchi 36, ambazo ni kama sentimita 91, na hizo sentimita kumi zilizozidi zilikuwa zikining'inia juu ya mkanda bila kuhesabiwa na mtu yeyote, mwenyewe nikiwamo. Siku chache baadaye nilikutana tena na yule kijana, tukataniana, naye akakubali nimpime: sentimita 86. Wiki iliyofuata nikapimwa presha mara tatu kwa siku tofauti, ikawa inazungukia 152 juu ya 96, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikawa 6.8, yaani si kisukari bado, lakini kimeshapiga hodi. Presha ya kijana ilikuwa 118 juu ya 74. Siku ile kliniki ilimtia hofu asiyestahili hofu, na ikampongeza aliyestahili kuambiwa ukweli.

Sitaki kumlaumu yule muuguzi, maana alifanya kile ambacho sisi tuliomtangulia tulimfundisha kufanya. Kipimo cha BMI hakikubuniwa na daktari wala hakikubuniwa kwa ajili ya mgonjwa aliyeketi mbele yako. Asili yake ni hesabu za Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mwanahesabu na mwanafalaki, ambaye alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika takwimu za umma mzima. Jina tunalolitumia leo lilitoka kwa Mmarekani Ancel Keys na wenzake mwaka 1972. Kwa kupima taifa, au wilaya, au mabadiliko ya miaka kumi, kipimo hicho kinafaa, na mimi si miongoni mwa wanaotaka kitupwe. Lakini mizani haitofautishi kilo ya msuli na kilo ya mafuta, wala haijui mafuta hayo yamekaa wapi, na kwa upande wa moyo, mahali yalipokaa ndiyo habari yenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1947 daktari Mfaransa Jean Vague, wa mji wa Marseille, aliandika kwamba watu wanene si kundi moja: wapo wanaobeba mafuta sehemu ya juu ya mwili, na wapo wanaoyabeba chini, nyongani na mapajani, na kwamba kisukari na maradhi ya mishipa ya damu huwaandama zaidi wale wa kwanza. Ilichukua miongo kadhaa kueleza kwa nini. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, kwa sehemu kubwa ni ghala tu la mwili. Yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayoyazunguka matumbo na kujibanza jirani na ini, hayana utulivu wa ghala. Humwaga asidi za mafuta katika mshipa unaotoka matumboni kwenda kwenye ini, na ini likizidiwa hurudisha katika damu mafuta ya aina nyingine, yanayoitwa trigliseridi, huku ile kolesteroli nzuri ikipungua. Hutoa pia kemikali zinazochochea uvimbe wa chinichini mwilini na kuufanya mwili usiitii insulini, homoni inayoongoza sukari ya damu, kama inavyopasa. Matokeo yake ni sukari kupanda, presha kupanda, na kuta za mishipa inayoulisha moyo kujengeka utando wa mafuta mwaka baada ya mwaka, bila maumivu yoyote, mpaka siku utando huo unapopasuka, damu ikaganda juu yake na njia ikaziba.

Mafuta ya nyonga na mapaja hayana tabia hiyo. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba, kwa kiuno kilekile, mtu mwenye nyonga na mapaja makubwa zaidi ana hatari ndogo zaidi. Nalisema hili kwa ajili ya mama zetu na dada zetu wenye nyonga pana, ambao wakifika kituoni huhubiriwa unene kabla hawajaulizwa hata wanaumwa nini. Mwanamke mwenye kiuno chembamba na nyonga kubwa, hata kama mizani inamsema, hayuko katika hali moja na mwanamume mwenye miguu kama ya korongo na kitambi kilichomtangulia mlangoni.

Ushahidi mkubwa juu ya jambo hili ulitoka katika uchunguzi ulioitwa INTERHEART, ulioongozwa na Salim Yusuf na kuhusisha nchi 52, za Afrika zikiwamo. Watafiti waliwalinganisha watu waliopata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza na wengine wa umri na jinsia kama yao ambao hawakuupata. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, yakiwa na takwimu za watu zaidi ya 27,000, uwiano wa kiuno kwa nyonga ulihusiana na mshtuko wa moyo kwa nguvu zaidi kuliko BMI, kwa wanaume na kwa wanawake. Ukigawanya kiuno kwa nyonga, Shirika la Afya Duniani husema hatari imeongezeka sana kuanzia 0.90 kwa mwanamume na 0.85 kwa mwanamke. Kipimo hicho ni kizuri, ila kinahitaji vipimo viwili na hesabu ya kugawanya, na nitaeleza baadaye kwa nini napendelea kingine kilicho rahisi zaidi.

Najua yuko msomaji atakayesema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Zamani hata madaktari wa Mulago, hospitali kuu ya Kampala, walisema karibu hivyo, tena kwa haki. Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell na mwenzake walipoandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo, mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa makala. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones waliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa Waafrika wa Uganda ugonjwa huo ni kama haupo, ilhali miongoni mwa Wahindi wanaoishi nchi hiyohiyo ni tatizo kubwa, wakaanza kutazama tofauti za chakula na kolesteroli. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulitukuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne akiwa na presha ya juu, na walio wengi kati yao hawakuwa na habari nayo. Babu yangu alikwenda shambani kwa miguu na kurudi kwa miguu, akiwa amebeba jembe asubuhi na mkungu wa ndizi jioni. Mjukuu wangu hupanda boda boda kwenda dukani, na duka ninaliona nikiwa nimeketi barazani.

Hapo kuna jambo lililonisumbua kwa muda mrefu, na sijaona likiandikwa sana katika magazeti yetu. Sisi Waganda na majirani zetu tuna sababu ya pekee ya kuuogopa wembamba. Watu wa umri wangu wanakumbuka miaka ya 1980, ugonjwa wa Ukimwi ulipoanzia upande wa Rakai na Masaka na kuitwa silimu kwa sababu ya kuwakondesha watu. Mwaka 1985 jina hilo likaingia hata katika majarida ya tiba ya Ulaya. Tangu hapo, mtu akipungua kilo tano tu mtaani, majirani hunong'ona. Mwanamume anayeota kitambi hupongezwa kwamba mambo yake yamenyooka, na mkewe hupongezwa kwamba anajua kupika. Nimewahi kumwambia mwalimu mmoja apunguze tumbo, akanijibu kwamba yuko tayari kupata presha kuliko kusemwa. Huwezi kumshinda mtu wa namna hiyo kwa jedwali.

Tena ugonjwa uleule umetuachia somo la pili, lililo wazi kuliko kitabu chochote. Miongoni mwa waliotumia dawa za zamani za kupunguza makali ya virusi, hasa ile iliyoitwa stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua, tuliwaona waliokonda mashavu, mikono na miguu, na wengine tumbo likajaa mafuta ya ndani. Uzito wao kwenye mizani haukubadilika sana, na BMI ilibaki palepale, lakini mafuta ya damu na sukari vilipanda. Yeyote aliyefanya kazi katika kliniki hizo hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba kilo moja inaweza kuhama kutoka pajani kwenda tumboni na mizani isijue.

Sasa kuhusu viwango, ambako kwa kweli pana mkanganyiko, nami sitaufunika. Wamarekani mwaka 2001 walitumia sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2005 likashusha viwango hadi 94 na 80 kwa Wazungu, na 90 na 80 kwa watu wenye asili ya Asia ya Kusini, na kwa Mwafrika wa kusini mwa Sahara likasema atumie viwango vya Wazungu mpaka takwimu zake zipatikane. Takwimu zilipokuja kukusanywa, za watu zaidi ya 24,000 kutoka tafiti 16 za Afrika, watafiti walipendekeza takriban sentimita 81 kwa wanaume na wanawake sawia. Kwa mwanamume tofauti kati ya 102 na 81 si ndogo: ni tofauti ya saizi nne za suruali. Binafsi nadhani 81 ni kiwango cha kumfanya mtu apimwe zaidi, si cha kumtangaza mgonjwa, na kingetumiwa kama hukumu kingemtia hatiani hata yule kijana wa Malaba.

Ndiyo maana napendelea kipimo kisichotegemea kabila wala jinsia: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilikiweka katika mwongozo wake mwaka 2022, ikisema kwamba uwiano wa 0.5 hadi 0.59 ni hatari iliyoongezeka, na 0.6 kwenda juu ni hatari kubwa. Mimi nilikuwa 0.59, na yule kijana 0.49. Kama siku ile muuguzi angekuwa na futikamba, angetubadilishia ushauri palepale, bila maabara na bila shilingi ya ziada.

Kipimo hiki kina namna yake, na watu wengi hukikosea. Msipimie juu ya nguo: kanzu, na gomesi ya wanawake wa Uganda, ni mavazi ya heshima, lakini hakuna mavazi duniani yaliyoshonwa kwa ustadi zaidi wa kuficha kiuno, na ule mkanda mpana wa gomesi hufungwa nyongani, wala si kiunoni. Msitumie namba ya suruali, kwa sababu niliyoieleza. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, upande wa kulia na wa kushoto, kisha pitisha futikamba katikati ya hapo, iwe sambamba na ardhi, isilegee na isiibane ngozi. Simama miguu pamoja, toa pumzi kama kawaida, halafu soma. Wanaume wote hulivuta tumbo ndani wakati huo; msubirini aongee kwanza, litarudi mahali pake.

Kuna wanaoniuliza habari za mizani mpya zinazouzwa Kampala, zile za kukanyaga miguu mitupu ambazo hukutolea asilimia ya mafuta ya mwili. Hupitisha umeme mdogo sana mwilini, na kwa kuwa umeme hupita kirahisi kwenye maji na kwa shida kwenye mafuta, chombo hukisia kilichomo. Wazo hilo si la kubeza. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani uliotumia njia hiyo ya umeme kwa watu 4,252 wenye umri wa miaka 20 hadi 49, kisha ukawafuatilia kwa miaka 15, na waliokuwa na asilimia kubwa ya mafuta walikuwa na uwezekano wa kufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wenzao, huku BMI ikishindwa kuwatenga vizuri walio hatarini. Hata hivyo, chombo cha watafiti kinachotunzwa na kutumiwa kwa utaratibu mmoja si sawa na mizani ya dukani. Umeme wa mizani ya miguu hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine, hivyo tumbo, ambalo ndilo tunalolitafuta, hulikisia tu. Ukiwa na kiu, au umetoka kula, au umetoka jasho la kazi, jibu hubadilika. Na mwenye kifaa cha umeme cha kuusaidia moyo, asizikanyage kabisa. Mwenye fedha ya kununua mizani hiyo namshauri anunue kwanza mashine ya kupimia presha mkononi, na chenji yake inatosha futikamba.

Sitakuwa mkweli nisipotaja hoja ya wanaopinga. Mwaka 2011 katika Lancet zilijumlishwa takwimu za tafiti 58 zenye watu 221,934, ikaonekana kwamba ukishazijua presha, kisukari na mafuta ya damu ya mtu, kuongeza BMI, kiuno, au uwiano wa kiuno na nyonga hakuboreshi sana utabiri wa nani atapata maradhi ya moyo au kiharusi. Baadhi ya madaktari huitumia taarifa hiyo kusema kwamba futikamba haina kazi. Mimi naisoma vingine. Kiuno huudhuru moyo kwa kupitia presha, sukari na mafuta ya damu hayohayo, kwa hiyo aliyekwisha kuyapima yote matatu ameshaona moshi na hahitaji kuutafuta moto. Lakini ni nani aliyekwisha kuyapima? Katika vituo vingi vya afya vya vijijini, vya ngazi ya tatu, nilivyofanyia kazi kolesteroli haikupimwa kabisa, na vijiti vya sukari vilikuwepo leo, kesho havipo. Shirika la Afya Duniani lenyewe lililijua hilo, na katika chati zake za hatari za mwaka 2019 liliweka za aina mbili: za mwenye maabara, na za asiye na maabara, ambazo hutumia umri, jinsia, uvutaji wa sigara, presha na BMI. Hapo kwenye BMI ndipo penye pengo ninalolisema, kwa sababu mzee wa kilo 71 mwenye kitambi hupita katikati ya chati hiyo bila kugusa ukingo.

Na si kila tumbo kubwa ni la mafuta, jambo ambalo madaktari wa nchi hii wana sababu ya kulijua kuliko wengi. Mulago ndiko mwaka 1948 Jack Davies alikoeleza ugonjwa wa utando mgumu ndani ya moyo, ambao huwaacha watu wembamba wa mikono na miguu wakiwa na tumbo lililojaa maji. Moyo ndio ulioumwa, tumbo likawa dalili tu. Kando ya Ziwa Albert kichocho huvimbisha ini na wengu. Wanawake wapo wenye uvimbe wa kizazi, na wapo wajawazito ambao kiuno chao hakina maana yoyote katika hesabu hii. Tumbo lililokuja kwa miezi miwili, au gumu, au linaloambatana na kuvimba miguu na kukosa pumzi, lipelekwe kwa daktari, lisipelekwe kwenye mazoezi. Vivyo hivyo vijana wenye vali za moyo zilizoharibika kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni hawakuharibiwa na chapati, na wasilaumiwe.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa wakuu wa afya wa wilaya ni dogo. Wahudumu wa afya wa vijiji tayari wanao ule mkanda wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto, ambao ukisoma chini ya sentimita 11.5 huingia kwenye nyekundu, na hakuna mama kijijini asiyeuelewa. Kilichosaidia mkanda huo si sayansi yake tu, bali kwamba hauhitaji kusoma namba. Kwa mtu mzima hata mkanda hauhitajiki. Chukua uzi wa katani au kamba ya kuanikia nguo, simama nao wima, mwenzako akate urefu wako kuanzia utosini hadi kisiginoni, kisha uukunje katikati na ujizungushe kiunoni. Ncha zikikutana, shukuru. Zisipokutana, nenda ukapimwe presha na sukari wiki hii, wala usisubiri kuumwa. Nimefanya hivyo msikitini kwetu baada ya swala ya Ijumaa, na katika kanisa la jirani kwa ruhusa ya mchungaji, na kicheko kilichotokea kiliwafanya watu wengi waje kupimwa presha kuliko hotuba zangu zote za miaka 31. Kati ya walioshindwa kufikisha ncha, wapo watatu ambao jedwali lenu lingewaita wazima.

Kwa upande wangu, nimerudia kutembea asubuhi, nimeacha soda na sukari ya chai, vidonge vya presha nameza kila siku, na kiuno kimeshuka hadi sentimita 94. Mizani iliona kilo nne tu, mkanda umeona matundu matatu. Bado uzi wangu haufiki.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mtakapolichapa tena jedwali lile, naomba muongeze safu moja upande wa kulia, yenye nusu ya kila urefu kwa sentimita: 75 kwa mwenye 150, 80 kwa mwenye 160, 85 kwa mwenye 170, 90 kwa mwenye 180. Na ile sentensi ya mwisho muifute.

Wenu,
Afisa tabibu mstaafu,
Tororo